Jibu la mtaalamu: Corvair Lakewood yangu inanuka oili nikiwasha hita. Niiuze?

"Mwaka jana nilinunua Chevrolet Corvair Lakewood ya 1961, ile stesheni wagoni yenye injini nyuma, ya nguvu farasi 80 na gia otomatiki ya Powerglide. Tunaishi Ohio. Kiangazi chote ilitembea vizuri, ila mkanda wa feni uliruka mara mbili tukiwa barabara kuu. Baridi ilipoanza nikawasha hita, gari likajaa harufu ya oili iliyoungua, na mke wangu akawa anaumwa kichwa kila safari ikifika nusu saa. Fundi mmoja ananishauri ning'oe feni ya kiwandani niweke feni za umeme. Mwingine anasema magari haya hupinduka yenyewe, serikali iliyapiga marufuku, nilitupe kwenye vyuma chakavu. Watoto wanalipenda sana. Nifanye nini?"

Ndugu msomaji, umeuliza mambo matatu: harufu, mkanda na kupinduka. La haraka zaidi umelitaja kwa maneno machache tu, nalo ni kichwa cha mkeo. Kuanzia leo zima hita, na usimbebe mkeo wala watoto kwenye gari hilo mpaka mfumo wa ekzosi ukaguliwe. Ukilazimika kulipeleka gereji, nenda peke yako, madirisha yakiwa wazi hata kama kuna baridi.

Sababu ni kaboni monoksaidi. Hewa hiyo haina harufu wala rangi. Harufu unayoisikia ni ya oili. Haithibitishi kwamba moshi wa ekzosi unaingia ndani, lakini inakuonyesha kwamba njia ya kuingilia iko wazi. Kichwa kinachouma ndani ya gari kisha kikapoa ukishuka ni dalili isiyostahili kusubiri. Mkeo amwone daktari na amweleze waziwazi kwamba alikuwa kwenye gari lenye hita inayopitisha hewa ya injini. Kipimo cha damu husema kweli kikifanywa mapema, kwa sababu gesi hii hutoka mwilini kadiri mtu anavyoendelea kuvuta hewa safi. Mtu yeyote akipata kizunguzungu, kichefuchefu au kuchanganyikiwa akiwa ndani ya gari, simamisheni, shukeni wote, na mpige 911.

Sasa nikueleze kwa nini gari hili linafanya hivyo, maana ukiielewa njia ya hewa yake utaelewa karibu kila tatizo ulilonalo.

Injini ya Corvair ina silinda 6 zilizolala, 3 kila upande, ujazo wa inchi za ujazo 145, yaani takriban lita 2.4. Haina rejeta wala maji. Feni kubwa imelazwa juu ya injini kama sahani. Inavuta hewa kutoka juu na kuisukuma kwa nguvu kwenda chini, katikati ya mapezi ya silinda na ya silinda hedi. Hewa hiyo ikishapata joto hukusanywa na mabati yaliyo chini ya injini, kisha hutoka nje kupitia milango midogo inayoendeshwa na thamostati. Ukiwasha hita ya kawaida ya 1961, sehemu ya hewa hiyohiyo hupitishwa kwenye mfereji hadi miguuni pako. Haipiti kwenye chombo cha kubadilishia joto kama katika gari la maji. Hewa iliyogusa injini ndiyo mnayoivuta.

Chini ya silinda, katika mkondo huo wa hewa, kuna vitu viwili: mabomba 12 ya kufunika pushirodi (vijiti vinavyosukuma vali), na manifoldi za ekzosi, yaani mabomba yanayokusanya moshi wa silinda. Kila bomba la pushirodi lina oringi (pete za mpira za kuziba oili) mbili, moja upande wa injini na moja upande wa hedi, jumla 24. Mpira uliotumika kiwandani wakati ule ulikuwa haustahimili joto la mahali pale. Ulikauka, ukawa mgumu kama plastiki, oili ikapita. Tone likiangukia chuma cha moto linaungua, na moshi wake unafuata mkondo hadi ndani. Gasketi ya ekzosi nayo ikichoka, moshi wa injini unafuata njia ileile. Ndiyo maana huwezi kutibu harufu ukaacha ekzosi, wala kufunga ekzosi ukaacha oringi.

Kabla ya kufungua chochote, hakikisha una hita ya aina gani. Miaka ile Chevrolet waliuza pia hita ya petroli kwa mteja aliyeitaka. Hiyo ina chumba chake cha kuchomea mafuta, nayo hukaa mbele, kwenye buti la mizigo. Ukiikuta, usiiguse, ipelekwe kwa fundi anayezijua hita hizo au iondolewe kabisa. Kwa harufu uliyoieleza, nina imani yako ni ile ya hewa ya injini.

Kutafuta mvujo

Mafundi wengi hukimbilia kubadilisha oringi zote bila kutazama. Anza na kilicho rahisi. Pima oili: ikizidi alama ya juu, injini huitupa nje popote inapopata nafasi. Kisha kagua bomba la kupumulia la krankikesi. Likiziba kwa masizi, shinikizo hupanda ndani ya injini na kusukuma oili hata kwenye mpira ambao bado ni mzima. Kulisafisha hakugharimu chochote.

Baada ya hapo osha injini kwa dawa ya grisi, juu na chini, na iache ikauke vizuri. Nyunyiza poda ya talki sehemu ya chini, endesha dakika 10 hadi 15, kisha inua gari, liweke juu ya stendi imara na uangalie poda imelowa wapi. Tazama mabomba ya pushirodi, ukingo wa vifuniko vya vali, sehemu ya kukalia kichujio, mipira miwili chini ya kipoza oili, na mahali injini inapokutana na gia. Kipoza oili husahaulika sana. Kinavuja juu, oili inateremka, na oringi zinalaumiwa bure.

Ekzosi ikaguliwe injini ikiwa baridi kabisa, mara tu unapoiwasha, kabla chuma hakijatanuka na kuziba mwanya. Sikiliza mlio wa "tsk tsk" unaoongezeka ukikanyaga mafuta, na tafuta masizi meusi kwenye maungio. Manifoldi ya Corvair hubanwa kwenye mabomba mafupi ya chuma yaliyoshindiliwa ndani ya hedi ya alumini. Gasketi zilizo kati yake ni za bei ndogo na hubadilishwa kwa mikono. Lakini shika kila bomba fupi ulitikise. Likicheza ndani ya hedi, hapo siyo kazi ya uani tena: hedi itoke, ipelekwe kwa fundi mitambo alishindilie upya. Usikubali kupakwa gundi ya joto kali. Itashika wiki chache, kisha itaachia siku ambayo hutaisikia.

Kubadilisha oringi

Nunua seti ya oringi 24 za Viton, mpira unaostahimili joto hilo, pamoja na gasketi mbili za vifuniko vya vali na oringi za stadi za roka (bolti zinazoshika roka, mikono inayofungua vali). Duka la Clark's huko Massachusetts linauza vitu vya Corvair, na chama cha wamiliki kinachoitwa CORSA kina matawi sehemu nyingi za Marekani. Tafuta pia kitabu cha gereji cha Chevrolet cha mwaka 1961. Vipimo vyote vya kukaza vitoke humo, si kwenye kumbukumbu ya mtu.

Kazi hii inawezekana injini ikiwa ndani ya gari. Ondoa mabati ya chini, kisha kifuniko cha vali cha upande mmoja. Toa roka na pushirodi, ukizipanga kwenye kadibodi yenye namba ili kila moja irudi ilikotoka. Halafu zitoke stadi za roka na kile kibati cha kuongoza pushirodi, ndipo bomba lisukumwe kwenda nje kupitia kwenye hedi.

Hapa ndipo wengi huharibu. Stadi hizo za roka hazishiki roka peke yake. Zinasaidia pia kuibana hedi kwenye silinda. Ukizifungua zote kwa pamoja unailegeza hedi upande mmoja, na gasketi zilizokaa miaka 60 hazirudi zilivyokuwa. Fungua za silinda moja, badilisha oringi za mabomba yake mawili, rudisha, kaza kwa spana ya toki hadi kipimo cha kitabu, ndipo uhamie silinda inayofuata. Ukihisi stadi inazunguka bila kukaza, simama hapohapo. Nyuzi zimeng'oka kwenye alumini na zinahitaji kurekebishwa na mtu mwenye vifaa.

Kabla ya kuingiza oringi mpya, kwangua mabaki ya ile ya zamani yaliyoganda kwenye tundu, paka oili kidogo, na usukume bomba kwa mkono au kwa nyundo ya mpira. Ikiingia kwa kujikunja itavuja siku ya kwanza.

Kurekebisha vali: tapeti za injini hii ni za oili. Hakikisha vali zote mbili za silinda hiyo zimefunga, kaza nati ya roka huku ukizungusha pushirodi kwa vidole mpaka uwazi uishe kabisa, kisha ongeza. Kitabu kinasema mzunguko mmoja kamili. Wapo wazoefu wanaoishia nusu hadi robo tatu, na injini zao ziko sawa. Weka oili mpya ya aina yenye zinki kwa ajili ya kamshafti za zamani: takriban lita 3.8, au 4.7 ukibadilisha na kichujio.

Mtu anayeifanya kwa mara ya kwanza ajitengee siku mbili bila haraka.

Kifuniko cha sakafuni

Jambo hili ni la Lakewood hasa, na fundi aliyezoea Corvair za saluni anaweza kulipita. Katika saluni injini iko ndani ya chumba chake, na boneti la nyuma linafungukia nje. Katika wagoni injini iko chini ya sakafu ya mizigo, na unaifikia kwa kuinua kifuniko kilicho ndani ya gari lenyewe, mahali watoto wanapoweka mabegi. Mpira unaozunguka kifuniko hicho ukiwa umekatika, umebanwa na mizigo au haupo, unayo njia ya pili ya moshi kuingia ndani, na hii haizimwi kwa swichi ya hita. Ndiyo sababu nilikwambia usiibebe familia hata hita ikiwa imezimwa. Weka mpira mpya mzunguko mzima na hakikisha vibano vyote vinavuta kifuniko chini. Usiku, funika kifuniko, mtu aingie chini ya gari na tochi. Mwanga ukipenya ndani, moshi pia utapenya.

Ukiwa hapo kagua mpira mwingine, ule unaozunguka injini yenyewe na kuziba nafasi kati ya mabati yake na bodi. Kazi yake ni kuzuia hewa ya moto iliyotoka chini isirudi juu kuvutwa tena na feni. Ukikosekana, injini inajipoza kwa hewa iliyokwisha kuchemka. Corvair iliyopata joto kupita kiasi inaweza kuachia viti vya vali kwenye hedi ya alumini, na hapo gharama zako zinabadilika kabisa.

Mkanda na feni za umeme

Mkanda unatoka kwenye puli ya krankishafti iliyosimama, unapanda, unapinda nyuzi 90 juu ya puli ya kukazia na ya dainamo, kisha unaizunguka feni iliyolala. Ni njia ngumu, lakini mkanda sahihi uliofungwa sawasawa hudumu muda mrefu. Unaporuka mara mbili katika msimu mmoja kuna chanzo, nacho kwa kawaida ni kimojawapo kati ya hivi: mkanda wa aina isiyofaa, kukazwa kupita kiasi, beringi ya puli ya kukazia iliyochoka, puli iliyopinda, au vyuma vya kuongoza mkanda vilivyotolewa na mtu na havikurudishwa. Kukanyaga mafuta kwa ghafla injini ikiwa baridi nako huurusha.

Tumia mkanda uliofunikwa kwa kitambaa pande zote, uliotengenezwa kwa ajili ya Corvair. Ile yenye meno na pembeni tupu ya magari ya sasa inang'ang'ania puli, inakataa kuteleza pale kwenye kona, na inajipindua. Usiukaze kwa kuogopa utaruka tena. Ukizidisha unaua beringi ya feni. Ukazo unaotosha ni ule ambao mkanda haulii wala kuteleza ukiongeza mwendo. Uangalie tena baada ya kilomita mia kadhaa, kwa sababu mkanda mpya hulegea. Weka ndani ya gari mkanda wa akiba na spana ya 9/16, na jifunze kuubadilisha ukiwa nyumbani, mchana.

Kwenye dashibodi kuna taa iliyoandikwa GEN-FAN. Ikiwaka ukiwa njiani, mkanda umetoka: feni imesimama na dainamo imesimama. Toka barabarani salama na uzime injini papo hapo, usitafute kituo cha mafuta kilicho mbele. Taa ya pili, TEMP-PRESS, inakuonya juu ya joto au shinikizo la oili, nayo uitii vivyo hivyo.

Kuhusu feni za umeme, sikubaliani na fundi wako. Feni za rejeta zimeundwa kupitisha hewa mahali pasipo na ukinzani mkubwa. Mapezi ya injini hii yamesongamana na yanataka hewa yenye msukumo, na zaidi kadiri injini inavyokimbia. Feni ya mkanda huongeza kasi pamoja na injini yenyewe. Dainamo ya 1961 nayo haikujengwa kwa mzigo wa umeme wa namna hiyo. Utaondoa tatizo la mkanda wa bei ndogo na kununua tatizo la hedi.

Je, hupinduka?

Serikali ya Marekani haijawahi kuipiga marufuku Corvair. Sifa hiyo inatokana na kitabu cha 1965 cha Ralph Nader, mwanasheria Mmarekani aliyetetea usalama wa magari, ambacho sura yake ya kwanza iliishambulia Corvair ya miaka ya mwanzo. Baadaye serikali iliifanyia majaribio Corvair ya 1963 pamoja na magari mengine ya wakati wake, na ripoti iliyotoka 1972 ikasema uendeshaji wa Corvair za 1960 hadi 1963 hauna hatari isiyo ya kawaida ya kushindwa kudhibitiwa ukilinganisha nayo.

Hata hivyo Nader hakuwa ameota. Katika miaka hiyo kila nusu ya ekseli ya nyuma ina kiungo kimoja tu, kile cha ndani, karibu na difu. Gurudumu limeshikamana na nusu yake, hivyo nyuma ya gari ikiinuka ghafla katikati ya kona kali, gurudumu hujikunja kuelekea ndani, tairi linakanyagia ukingo, na nyuma inakukimbia. Chevrolet wenyewe waliongeza springi ya kupitia chini ya difu mwaka 1964, na 1965 wakabadilisha mfumo wote.

Kinachokulinda wewe ni upepo wa tairi. Mbele lazima kuwe na upepo mdogo kuliko nyuma. Katika saluni ya enzi hiyo ilikuwa PSI 15 mbele na 26 nyuma, tairi zikiwa baridi. Kwa wagoni fuata kitabu cha mmiliki, kulingana na mzigo. Kijana wa kituo cha mafuta akijaza 32 pande zote kwa nia njema, ametengeneza gari lilelile ambalo fundi wako anaogopa. Mzigo mzito utie kwenye buti la mbele, vyepesi viwe nyuma juu ya injini. Ukiingia kona kasi imezidi, usiachie mafuta kwa ghafla wala kufunga breki katikati yake, punguza kabla.

Breki ndizo zingenipa wasiwasi zaidi kuliko kupinduka. Zote zinategemea silinda kuu yenye njia moja, kwa hiyo mpira mmoja ukipasuka unapoteza magurudumu yote manne. Badilisha mipira yote ya breki sasa. Ukitaka kwenda mbali zaidi, silinda kuu ya njia mbili iliyoanza kwenye Corvair za 1967 inaweza kufungwa, ila mabomba yapangwe upya na mtu anayejua.

Kuuza au kubaki nayo

Wagoni hii ilidumu misimu miwili tu, 1961 na 1962. Zilitengenezwa takriban 32,000, kisha zikaachwa katikati ya mwaka wa pili. Chevrolet walikuwa wamekwisha kuleta Chevy II yenye wagoni ya injini ya mbele, na kiwanda cha Willow Run kilihitaji nafasi kwa Corvair Monza ya paa la kukunja. Kwako maana yake ni hii: vipuri vya injini, gia na breki vinapatikana bila shida kwa sababu ni vya Corvair zote, lakini vioo vya nyuma, mlango wa nyuma na mabati ya ubavuni ni vya wagoni peke yake, na kuvipata ni bahati. Kama bodi yako ni nzima na vioo vyote vipo, umeshapata sehemu ambayo pesa hainunui kirahisi. Kama sakafu na ubavu vimeliwa na kutu na bado mabomba ya ekzosi yanacheza kwenye hedi, sitakulaumu ukiuza. Muuzie mtu wa Corvair na umwandikie wazi tatizo la hita. Usimkabidhi mtu asiyejua halafu abebe wanawe.

Ukibaki nayo, mpangilio wangu ni ekzosi kwanza, kisha mpira wa kifuniko cha sakafuni, kisha oringi, mkanda na breki. Yote yakikamilika, nunua kipimo cha kaboni monoksaidi cha kubebeka kinachoonyesha namba, si kile cha ukutani kinacholia tu baada ya muda mrefu. Kiweke kwenye kiti cha nyuma, washa hita hadi mwisho, endesha nusu saa ukiwa peke yako: mjini, barabara kuu, na dakika chache ukiwa umesimama injini ikinguruma. Namba ibaki sifuri muda wote. Ikipanda hata kidogo, rudi kwenye ekzosi na kifuniko kabla mkeo hajapanda.